Kutoka Uzunguni Hadi Mji Unaokalika: Historia Fupi ya Istilahi za Upangaji wa Miji

Katika kazi yetu ya istilahi huwa tunapokea maombi ya tafsiri kutoka idara mbalimbali, na aghalabu maombi hayo huja kwa haraka isiyoruhusu utafiti wa kutosha. Ombi moja la namna hiyo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Ofisi moja ya mji, ambayo hapana haja ya kuitaja, ilituletea tangazo lililokwisha kufasiriwa, ikataka tulithibitishe tu. Tangazo lilikusudia kuwaarifu wananchi kwamba maeneo yaliyoachwa bila majengo, ili watoto wachezee, watu wazima wapumzikie na maji ya mvua yapate njia, yangehesabiwa na kulindwa. Mfasiri alikuwa ameandika: "Viwanja vilivyo wazi vitahesabiwa." Nasi, twakiri bila kuficha, tulilipitisha tangazo hilo bila kulitilia shaka. Hata juma moja halikwisha, wananchi wakaanza kufika katika ofisi ile wakiwa na barua za maombi mikononi. Walikuwa wamesoma kwamba kuna viwanja vitupu vya kugawiwa.

Kosa halikuwa la wananchi. Kwa Kiswahili cha mjini, kiwanja kilicho wazi ni kile ambacho bado hakijajengwa, na pengine hakijapata mwenyewe. Kosa lilikuwa letu sisi tulioyachukulia maneno hayo kuwa mepesi. Tangu siku hiyo tumejaribu kuifuatilia historia ya maneno tunayoyatumia kuutaja mji na upangaji wake, hasa nchini Tanzania. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba katika uwanja huu istilahi si pambo la lugha. Jina anapopewa mwananchi au mahali anapoishi, mara nyingi jina hilo hutangulia amri itakayofuata.

Mji, kijiji na mtaa

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Mji, kijiji na jiji ni maneno ya shina moja, -ji. Kijiji ni mji uliodogoshwa, na jiji ni mji uliokuzwa. Kwa hiyo Kiswahili hakikuweka ukuta kati ya shamba na mji kama zifanyavyo lugha nyingine; kiliona makazi ya watu kuwa jambo moja lenye ukubwa mbalimbali. Kati ya mji na shamba palikuwa na kiunga, yaani mashamba ya miti yaliyouzunguka mji, na huko ndiko tulikopata neno viunga kwa maana ya pembezoni mwa mji.

Miji ya kale ya pwani yetu ilijengwa kwa mitaa. Lamu ina pande zake mbili mashuhuri, Mkomani na Langoni. Unguja ina Mji Mkongwe, na ng'ambo ya hori iliyoutenga mji huo zamani ukakua mji wa pili ulioitwa Ng'ambo tu. Katika mitaa hiyo mtu alifika msikitini, kisimani na sokoni kwa miguu. Vichochoro vilikuwa vyembamba, na wembamba huo ulileta kivuli mchana. Mbele ya nyumba palijengwa baraza la kuketi, ambapo mwenye nyumba alipokea wageni na majirani walizungumza habari zao. Neno baraza lilitoka hapo likapanda cheo hata likawa na maana ya chombo cha mashauri: baraza la wazee, baraza la madiwani, baraza la mawaziri, na baraza la lugha. Mambo haya tunayataja kwa sababu leo wataalamu wa miji duniani wanahimiza miji ya kutembelea kwa miguu, yenye kivuli na mahali pa kukutania. Msamiati wa mambo hayo tunao tangu zamani.

Hatudai kwamba miji hiyo ilikuwa ya haki kwa wote. Ilikuwa na mabwana na watumwa, na nyumba za mawe zilitazamana na vibanda vya makuti. Lakini maneno yake yalitokana na maisha ya wakazi.

Kanda tatu za Dar es Salaam

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukazorota. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatunga kanuni za ujenzi zilizoainisha ni majengo ya namna gani yajengwe sehemu gani. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na katika miaka ya 1920 wakaendeleza mgawanyo huo kwa kuweka kanda tatu.

Hapa pana jambo ambalo mfasiri anapaswa kulitazama kwa makini. Kanuni za Waingereza zilipendelea kutaja aina ya majengo kuliko kutaja rangi za watu. Palikuwa na ukanda wa majengo ya aina ya Ulaya, ukanda wa makazi na biashara, na ukanda wa majengo ya aina ya kienyeji. Kwa karatasi, ubaguzi ulivaa nguo za uhandisi. Lakini wakazi wenyewe hawakuifuata lugha hiyo. Walichukua kiambishi u- cha mahali, wakaongeza -ni, wakaziita kanda hizo kwa majina yaliyosema kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sheria ilificha, lugha ikafichua. Katikati paliachwa Mnazi Mmoja, eneo tupu la kuutenga mji wa Waafrika na ule wa biashara, kwa kisingizio cha afya. Leo hapo ni mahali pa kupumzikia na pa mikutano, jambo linaloonyesha kwamba matumizi mema yaweza kuzaliwa katika nia mbaya.

Jina la Kariakoo nalo lina somo lake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikusanya hapo kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho kilipoteza maelfu ya watu kwa maradhi, njaa na uchovu. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa matamshi yao, likawa Kariakoo. Na Nairobi nayo ina Kariokor yake kwa sababu iyo hiyo. Hakuna kamati iliyokaa kuunda jina hilo, wala hakuna mamlaka iliyoweza kulifuta.

Mpango kabambe na maneno ya uhuru

Mpango wa kwanza mkubwa wa Dar es Salaam uliandaliwa mwaka 1949 na kampuni ya Kiingereza ya Alexander Gibb. Wa pili ulitolewa mwaka 1968, na wa tatu mwaka 1979, yote miwili na wataalamu wa Kanada. Mpango wa namna hii tumeuita mpango kabambe, na istilahi hiyo imekubalika. Hata hivyo, tuitazame. Kabambe hutaja ukubwa na nguvu. Haitaji kuongoza, wala haitaji kushauriana. Mwananchi anayesikia habari ya mpango kabambe husikia jambo zito linalokuja kutoka juu, na kwa kweli ndivyo mipango hiyo ilivyokuwa. Iliandikwa kwa Kiingereza, ikachorwa na wageni, ikahifadhiwa maofisini. Sheria iliyoitawala, ya mwaka 1956, ilikaa miaka 51 hata Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ilipochukua nafasi yake.

Baada ya Uhuru Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba bora, hasa Magomeni. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu haikukubali: kila nyumba iliyojengwa ilitanguliwa na nyumba iliyobomolewa, na watu walioingia mjini walizidi nyumba zote. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 siasa iligeuka. Badala ya kubomoa, Serikali iliamua kupima viwanja na kuvipelekea maji na barabara, kisha mwananchi ajenge mwenyewe. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya mradi huo ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika mradi huohuo Manzese haikubomolewa, bali ilipelekewa huduma.

Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, na kikaundwa chombo kilichoitwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Tunalisifu neno ustawishaji. Kustawi ni kazi ya mmea, na kustawisha ni kazi ya mkulima: kutia maji, kupalilia, kungoja. Mpango wa Dodoma wa mwaka 1976 ulikuwa na roho ya neno hilo. Uliazimia mji wa jumuiya zenye watu wa kadiri, uliofuata vilima na mabonde, ambao wakazi wake wangetembea kwa miguu, baiskeli na basi kuliko kwa magari yao. Sehemu kubwa ya mpango huo haikutekelezwa kama ilivyochorwa, na mamlaka yenyewe ilivunjwa mwaka 2017. Lakini msomaji wa leo atashangaa kuona kwamba mengi yanayohubiriwa sasa kuwa mapya yaliandikwa kwa ajili ya Dodoma nusu karne iliyopita. Nalo neno ustawishaji, kwa bahati mbaya, limezidiwa na uendelezaji, ambalo halina shamba wala maji ndani yake.

Holela, wavamizi na watu wasio na jina

Tumefika kwenye sehemu iliyo ngumu zaidi. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam, zaidi ya nusu, wanaishi katika mitaa ambayo haikupimwa kabla ya kujengwa. Mitaa hiyo tumezoea kuiita makazi holela. Holela maana yake ni ovyo, bila utaratibu, bila kujali. Je, ndivyo ilivyo? Aliyejenga katika mitaa hiyo aghalabu alinunua ardhi kwa mwenyeji, mbele ya mashahidi na kiongozi wa mtaa, akaandikiwa karatasi. Aliacha njia ya kupitia jeneza, akapatana na jirani mahali pa choo. Huo ni utaratibu, ijapokuwa si utaratibu wa Serikali. Tatizo lililopo ni la kweli: hakuna barabara ya gari la zimamoto, hakuna mifereji, na vyoo vimekaribiana na visima. Lakini neno holela halilitaji tatizo hilo. Linataja tabia ya mtu.

Baya kuliko hilo ni neno wavamizi, ambalo mara nyingine hutumiwa kufasiri neno la Kiingereza linalomtaja mtu akaaye kwenye ardhi isiyo yake. Kuvamia ni kitendo cha adui au cha mnyama mkali. Ukishamwita mkazi mvamizi, tingatinga huonekana kuwa ulinzi. Tumewahi kuona katika rasimu mbili za waraka mmoja, watu walewale wa bonde lilelile wakiitwa wakazi katika sehemu inayohusu kodi, na wavamizi katika sehemu inayohusu kuhamishwa. Hatudhani kwamba mwandishi alikuwa na nia mbaya. Alifasiri kila sehemu kwa siku yake, bila orodha ya istilahi mezani.

Hatutetei kila jengo lililopo kila mahali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba wakazi wa mabonde ya Dar es Salaam, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Nyumba haipaswi kujengwa mahali ambapo mto una haki ya kupita. Lakini hata hapo sababu ni mto, si tabia, na istilahi sahihi ni makazi hatarishi. Mtu anayeambiwa kwamba yuko hatarini aweza kushauriana nawe. Anayeambiwa kwamba ni mvamizi atajitetea tu.

Sheria zenyewe zimekwisha kuanza kuelekea njia nzuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitupa leseni ya makazi, inayomtambua mkazi wa eneo lisilopimwa kwa muda maalumu. Mpango wa MKURABITA wa mwaka 2004 ulilieneza neno urasimishaji. Na katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walishiriki kuchimba na kujenga mifereji ya mtaa wao, wakati ambapo neno shirikishi lilikuwa likianza kuenea maofisini.

Endelevu na kukalika

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza maendeleo ya namna ambayo yatatimiza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kutimiza yao. Kiswahili kilijibu kwa neno endelevu. Kimuundo neno hili halina dosari: kutoka potea tunapata potevu, kutoka elekea tunapata elekevu, na kutoka endelea tunapata endelevu. Tatizo ni kwamba tuliliambatanisha na maendeleo, neno la mzizi uleule, na masikioni mwa wengi maendeleo endelevu ni maendeleo yanayoendelea. Wazo la akiba, yaani kula matunda bila kuukata mti, limepotea njiani. Lengo la 11 kati ya malengo ya mwaka 2015 ya Umoja wa Mataifa linataka miji iwe endelevu. Mwalimu atakapolifundisha, tunashauri aanzie kwenye akiba: maji ya ardhini, miti, mabonde na viwanja vya watoto, vitu ambavyo mji ukishavila hauna pa kuvipata tena.

Kwa upande wa wazo la mji ulio mzuri wa kuishi, hatuna haja ya kuunda neno. Waswahili husema nyumba hii haikaliki, wakimaanisha kwamba ina joto, au inavuja, au majirani hawapatani. Kitenzi kalika kimebeba mambo yote hayo pamoja. Mji unaokalika ni mji ambao mtu wa kawaida anaweza kukaa na asidhurike, wala asitamani kuuhama.

Usafiri nao umetupa somo. Mwaka 2016 Dar es Salaam ilianza huduma ya mabasi yenye njia zake pekee kutoka Kimara hadi Kivukoni. Jina rasmi ni Mabasi Yaendayo Haraka. Wananchi wakayaita mwendokasi, na jina la wananchi likashinda, ingawa mwendo kasi hapo awali ulikuwa kosa la madereva. Sisi wa istilahi hatuna sababu ya kununa. Neno fupi, linalotamkika na kueleweka, limefanya kazi ambayo maneno matatu hayakuiweza.

Mapendekezo

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, na kazi ya kufasiri sheria inahusu pia zile za ardhi na miji. Neno ambalo jana lilikuwa la gazeti, kesho litakuwa la hukumu. Na jiji linakua: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa hiyo tunawashauri wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali mambo matano yafuatayo.

Kwanza, kiwanja kibaki kuwa sehemu ya ardhi iliyopimwa kwa ajili ya mwenye kumilikishwa. Uwanja ni mahali pa wengi, na kiwanja, kwa umbo lake, ni uwanja uliodogoshwa. Kwa kuwa wingi wa maneno hayo mawili huchanganywa, eneo la wote liitwe eneo la wazi la umma, na maneno "la umma" yasiachwe kamwe.

Pili, badala ya makazi holela tuandike makazi yasiyopimwa, ikiwa jambo linalokosekana ni upimaji. Makazi yasiyo na huduma, ikiwa jambo linalokosekana ni huduma. Na makazi hatarishi, ikiwa ipo hatari. Matatizo matatu yana dawa tatu.

Tatu, neno wavamizi litumike tu pale ambapo mahakama imekwisha kuamua kwamba pana uvamizi. Pengine pote tuseme wakazi.

Nne, neno ustawishaji lirudishwe kwa kazi ya kuutunza mji kwa muda mrefu, na uendelezaji ubaki kwa kazi ya ujenzi.

Tano, mji unaokalika utumike katika shule na katika nyaraka, na kila mwandishi aeleze kwa mifano anachomaanisha: maji, kivuli, choo, shule ya kufikika kwa miguu, basi la kutegemewa.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba wasomaji wetu watuandikie, hasa walio katika halmashauri, ambao husikia namna wananchi wanavyoyapokea maneno yetu. Kuhusu tangazo lile, tuliliomba tena kutoka katika ofisi iliyolileta, tukaliandika upya na kulijaribu kwa kuwasomea watu waliokuwa foleni kabla ya kulitoa. Sasa linasomeka hivi: "Maeneo ya wazi ya umma ni mali ya wakazi wote na hayagawiwi. Yatahesabiwa ili yalindwe." Ni maneno mengi kuliko yale ya kwanza, lakini hakuna aliyeleta barua ya maombi.